Mpunga Si Samaki

Maneno hayo aliyasema mara nyingi mno hata watoto wa shule wakayafanya jina lake. Wakimwona juu ya tuta walipaza sauti, "Mpunga si samaki!" naye aliinua mkono bila kugeuka, kama chifu anayepita. Sisi wengine tulimwita mzee wa maji, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kufungua na kufunga mageti ya mifereji katika sehemu yetu ya mashamba ya mpunga, huku Kano, kati ya Ahero na Awasi. Mto uko juu yetu, ziwa liko chini yetu, na katikati alikuwepo yeye, na funguo zikilia kiunoni.

Watu wa mjini hawaelewi ukubwa wa kazi ile. Maji yetu husukumwa na pampu kutoka mtoni, yakaingia mfereji mkubwa, kisha mifereji midogo, kisha mashamba. Aliye karibu na pampu hupata kwanza. Aliye mwisho hupata yaliyobaki, na kuna siku hayabaki. Mama yangu, mjane mwenye ploti moja, alikuwa mwisho kabisa. Baada ya shamba letu kulikuwa na mafunjo na njia ya ng'ombe, basi. Kwa hiyo mzee wa maji nilimjua kwanza kama mtu wa kuombwa. Asubuhi kina mama walisimama kwenye daraja dogo wakimsubiri.

"Mzee, umeamkaje? Mzee, na mimi ni lini?"

"Kesho kutwa," alijibu, bila tabasamu, na kesho kutwa yake ilikuwa kesho kutwa kweli.

Hakupokea kitu. Siku moja mtu alimfungia jogoo mlangoni kwake, alfajiri, bila kujitambulisha. Mzee wa maji hakuuliza wala hakugomba. Alimfungua yule jogoo, akashika kamba, akaenda naye kazini. Asubuhi nzima tulimwona akitembea juu ya matuta na jogoo nyuma yake, akifungua geti hili na kufunga lile, akisalimia kila mtu kama kawaida. Karibu na saa nne jirani yetu mmoja, mtu mnene mwenye sauti kubwa, alishindwa kuvumilia. Akaja akachukua kamba bila kusema neno. Mzee wa maji akamshukuru kwa kumpunguzia mzigo.

Kwa mtu aliyeishi kwa maji, aliliogopa ziwa. Mara moja tulikwenda Kisumu kwenye harusi ya binamu yangu, sherehe ikafanyika karibu na ufuo. Watu wote walivuta viti kutazama ziwa, yeye akageuza chake likawa mgongoni.

"Maji yote hayo," aliniambia, "na hakuna geti hata moja."

Na mchungaji alipokuwa akiwaombea maharusi, macho yetu yakiwa yamefumbwa, nilisikia viatu vikitembea. Nikafumbua jicho moja. Mzee wa maji alikuwa anaelekea kwenye tangi nyuma ya hema, ambako bomba lake lilikuwa likidondosha maji tone tone ndani ya beseni. Akalikaza kwa mikono miwili, akarudi, akafumba macho kabla ya amina. Samaki pia hakula. Mwiba ulimkwama kooni utotoni, na tangu hapo alikula maharagwe na sukuma wiki kwenye nchi ambayo watu humpima mgeni kwa namna anavyosafisha kichwa cha ngege, samaki wa ziwa letu. Ndiyo maana aliposema mpunga si samaki, walimcheka mara mbili: kwa maneno yenyewe, na kwa kuwa samaki alikuwa hamjui.

Maneno hayo aliyaleta kutoka kwenye semina. Maafisa wa kilimo walikuja wakaketi na wakulima katika ukumbi wa kanisa, wakafundisha namna ya kulima mpunga kwa maji kidogo. Sisi tulikuwa tumelelewa tukijua kwamba mpunga hukaa majini kuanzia siku ya kupandikizwa hadi karibu na mavuno, na kwamba shamba likionyesha udongo, mwenyewe ni mvivu au amekosana na mzee wa maji. Sasa walisema hapana. Panda mche mmoja mmoja, ungali mdogo, kwa mistari, na nafasi ya kutosha. Jaza maji, halafu yaache yakauke mpaka udongo uanze kupasuka kidogo, ndipo ujaze tena. Mizizi itashuka chini kutafuta. Maji yatakayobaki yatafika kwa wenzako.

Hayo ya wenzako ndiyo yaliyomshika. Alikuwa ameona ndugu wawili wa tumbo moja wakipigana kwa mipini ya majembe kwenye mfereji, na mmoja wao akaondoka na jino mkononi. Alikuwa amemwona mama yangu akifuata maji kwa miguu kutoka geti la kwanza hadi la mwisho, akiyaona yanapungua, na kufika kwetu yakiwa tope. Alitoka kwenye semina na kipande cha bomba la plastiki. Akakitoboa matundu kwa msumari uliotiwa moto, akakisimika ndani ya shamba lake, akaita watu.

"Chungulia hapo ndani," alimwambia jirani yule mwenye sauti kubwa. "Unaona nini?"

"Naona maji."

"Na hapa juu?"

"Udongo mkavu."

"Basi maji iko. Wewe unaangalia juu, mpunga inakunywa chini."

"Mzee, sasa tunalima mpunga ama mahindi?"

"Mpunga si samaki, bwana! Ukiutoa kwa maji siku tatu hautakufa."

Hakuwa mwalimu mwenye subira. Alieleza jambo mara mbili, na mara ya tatu aliingia mwenyewe shambani mwako na suruali yake ya kazini na kuanza kung'oa miche uliyoisonga pamoja. Wanawake walimpigia kelele. Alifika kwa watu wakati wa chakula, akakataa kula, akasimama mlangoni akieleza mambo ya mizizi hadi ugali ukapoa. Alikuwa na tabia ya kung'oa shina la mpunga la mtu na kulipeleka kwa mtu mwingine ili walinganishe mizizi, na nadhani hajui hadi leo kwa nini wenye mashina walikasirika.

Nyumbani kwake hakufaulu. Mkewe alikuwa na nusu ya ploti yao, na nusu hiyo aliijaza maji kama bwawa la bata.

"Huyo afundishe nyinyi," alituambia kisimani. "Aliponioa alinikuta nikilima na maji. Akitaka bibi wa kulima kavu aende atafute."

Kwa hiyo upande mmoja wa tuta ulikuwa wa mume, mkavu, miche yake imetawanyika kama watu waliogombana, na upande mwingine ulikuwa wa mke, maji yakimetameta. Watu walipita kutazama kama wanavyotazama mpira. Msimu mmoja pampu iliharibika, fundi akakawia, jua likawa kali. Upande wa mke uligeuka rangi ya chai ndani ya wiki mbili, maana mizizi yake ilikuwa imezoea kukaa juu. Upande wa mume ulisimama. Tulingoja amseme. Hakumsema. Wakati wa kupura alichanganya mpunga wa pande zote mbili katika ghala moja, na mtu alipomuuliza nani ameshinda alijibu kwamba wao hula sufuria moja.

Mkewe alibadilika msimu uliofuata, lakini hakutaka kufundishwa na mumewe. Alikuja kwetu mchana, kamba ya kupandia mkononi, akamwambia mama yangu, "Nionyeshe wewe. Huyo akijua amenifundisha hatutalala."

Nimetangulia mbele ya hadithi. Kabla ya mke kukubali, kuna jambo lililotokea kwetu.

Mama yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumfuata mzee wa maji, na si ajabu. Aliye mwisho wa mfereji hana cha kupoteza. Tulipanda mche mmoja mmoja, mimi nikishika kamba upande mmoja, yeye akipiga hatua nyuma. Mpunga ulitoa matawi ambayo hatukuwahi kuyaona. Nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa nimeshaambiwa kwamba karo ya muhula ule imo shambani. Mpunga ulipoanza kutoa maua, hayo maua madogo meupe ambayo mtu asiyejua hudhani ni vumbi, mzee wa maji alikuja akafunga geti letu.

Nilikuwepo. Mama alinyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mpunga umeanza kutoa maua."

"Ndio wakati mzuri," alisema. "Wacha upasuke. Utaona mavuno."

Mama akainama tena kazini. Siku zikaenda. Jua la Kano halina simile; udongo wetu mweusi ulipasuka hadi mtu akaweza kuingiza mguu. Alipofungua maji tena, masuke yalikuwa yamesimama wima, meupe, mazuri kwa mbali. Suke lenye punje huinama. Nilichuma moja nikabana punje zake kwa kucha, moja baada ya nyingine. Hewa tupu. Mapepe. Shamba karibu lote lilikuwa mapepe.

Mama hakulia mbele yangu. Alikata mabua, akayafunga kwa ajili ya ng'ombe wa jirani, na mimi nikabaki nyumbani muhula ule.

Kwa siku tatu mzee wa maji alifungua mageti bila kufika mwisho wa mfereji. Siku ya nne alikuja nyumbani asubuhi, kofia mkononi. Mama alimpa kigoda, hakukaa.

"Mama Achieng," alisema, "nimekuharibia. Nimeenda nikauliza wale wa kilimo. Mpunga ikitoa maua hainyimwi maji. Mimi ndiye nilikosa. Si wewe, si jua."

Mama akaniambia nilete uji. Nilileta bakuli moja, la mama. Akaniambia, kwa ukali, nilete la mgeni.

Kesho yake kabla jua halijachomoza nilisikia jembe. Nilipotoka nilimkuta mzee wa maji ndani ya shamba letu, miguu wazi, anageuza udongo. Alilima hadi wakati wa kazi yake, akanawa miguu mferejini, akavaa viatu, akaenda kufungua mageti. Alirudi kesho yake. Msimu wote alirudi. Alitengeneza kitalu chetu, akavuta kamba, akapandikiza, akapalilia, na palizi katika kilimo hiki ni nyingi, kwa sababu shamba likikauka magugu hufurahi. Mwanzoni mama hakuzungumza naye. Mama alilima upande wake, mzee upande wake, na mimi katikati nikipeleka miche huku na huku kama mjumbe. Nilikuwa namchukia, nakiri. Nilikuwa nikihesabu wanafunzi wenzangu wakipita na sare zao juu ya tuta, na kwa kila mmoja nilimlaumu mzee.

Asubuhi moja aliniuliza, bila kuinua kichwa, "Leo wangekuwa na somo gani?"

"Hesabu," nilisema.

"Hesabu ya nini?"

Nilimwambia ya pembe tatu. Akaniomba nimweleze. Nilimweleza kwa hasira, nikichora kwenye tope kwa kidole, na alipokosea kujibu nilimsema kama mtoto. Alikubali kusemwa. Kesho yake alitaka kuendelea. Sikumbuki ni siku ipi niliacha kumchukia, lakini najua kwamba tulipofika mavuno nilikuwa nimefundisha kitabu kizima, na niliporudi darasani sikuwa nyuma sana.

Mavuno yalikuwa mazuri. Masuke yaliinama hadi yakagusa tope. Mama alimpelekea mkewe debe la mchele mpya, na hilo mzee wa maji hakulirudisha. Ndilo pekee ninalolijua.

Tangu hapo alianzisha desturi ambayo bado ipo. Shamba linalotoa maua huwekewa mti wenye kitambaa chekundu, na penye kitambaa chekundu hakuna anayefunga maji, awe nani. Msimu ukifika uwanda wetu huwa na vitambaa vya kila aina: shuka kuukuu, soksi, hata bendera ya chama fulani iliyochanwa. Na katika kila mkutano wa wakulima alisimama akasema, "Mimi niliharibu shamba la mama mmoja hapa, kwa kufunga maji wakati wa maua. Sikilizeni vizuri." Mama aliinamisha kichwa kwa aibu, kila mtu akijua ni yeye. Lakini watu walisikiliza. Nadhani walimwamini kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa bomba lake. Wa juu wakajifunza kukausha, na maji yakaanza kutufikia sisi wa mwisho yakiwa bado maji.

Mimi nilimaliza shule, nikajifunza cherehani, sasa nashona sare za shule kwenye kibanda changu Mamboleo, huko Kisumu. Mama amefariki. Ploti ni yangu, na mwishoni mwa wiki napanda gari hadi Ahero, nabadilisha viatu, naingia shambani. Funguo za maji anazo mama mmoja wa sehemu ya juu, mkali kuliko aliyemtangulia. Mzee wa maji yu hai. Anatembea na fimbo, na mguu wake wa kulia una vidole vitatu. Nitaeleza jinsi viwili vilivyoondoka, maana ndiyo mara tuliyozungumza kama watu wazima wawili.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimesikia kwamba haonekani tena kwenye matuta, nikapita kwake. Mkewe alinipokea nje, akaelekeza kidevu mlangoni. "Ongea naye wewe. Mimi nimechoka."

Alikuwa amekaa, mguu umewekwa juu ya kigoda, umefungwa kitambaa cha leso. Alifurahi kuniona. Aliuliza habari za shamba, nafasi kati ya mistari, kina cha maji kwenye bomba, kila kitu isipokuwa mimi. Kisha akasema:

"Nyathina, nataka kukuambia kitu." Aliniita hivyo, mwanangu, tangu siku za pembe tatu. "Ile semina ilikuwa ya siku mbili. Mimi nilikaa siku ya kwanza tu. Siku ya pili kulikuwa na matanga Muhoroni, nikaenda. Siku ya kwanza walifundisha kukausha. Siku ya pili ndio walifundisha wakati wa kutokausha. Niliporudi watu waliniuliza, nikajibu. Kila swali nilijibu. Mtu wa funguo aseme hajui? Kwa mikutano nimesema nilikosea. Sijawahi kusema kwamba sikuwepo."

Jambo hilo nilikuwa nalijua. Mama aliniambia katika miaka yake ya mwisho, tukiwa tunachambua maharagwe. Nilifikiri kunyamaza, kisha nikaona mtu aliyebeba neno miaka yote hiyo hafai kujibiwa kwa uongo.

"Mama alikuwepo siku ya pili," nilisema. "Alikaa mbele."

Aligeuka taratibu. "Alikuwepo?"

"Alisikia yote. Kwamba wakati wa maua maji hayafungwi."

"Na hakuniambia?"

"Alikuambia mara moja. Ukasema ndio wakati mzuri. Mara ya pili aliogopa."

"Alimwogopa nani?"

"Wewe, Mzee. Angebishana na wewe, msimu ujao angepata maji lini? Sisi tulikuwa mwisho."

Nje mkewe alikuwa amesimamisha kazi. Nilijua kwa sababu sufuria hazikulia. Mzee wa maji alitazama mikono yake. Nafikiri alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba mtu asiyepokea zawadi haogopwi.

"Mimi nilidhani nilimuumiza kwa kutojua," alisema mwishowe. "Kumbe yeye alijua, na akakaa kando akiangalia shamba likikauka."

"Alikusamehe. Alisema mtu anayekuja kulima kabla ya jua hahitaji kuelezwa."

"Hiyo najua. Nilikula mchele wake." Alikohoa. "Na wewe? Unaniogopa?"

"Zamani."

"Basi niambie kitu ambacho hawaniambii."

Nilivuta kigoda karibu, nikafungua ile leso. Alijaribu kunizuia kwa mkono, akaacha. Kidonda kilikuwa kati ya vidole, mashine ya kupalilia ilimkata wiki nyingi zilizopita, na harufu ilijaza chumba. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Mguu huu unaoza," nilisema. "Majani unayoweka hayafanyi kitu, na mkeo analia jikoni ukilala. Tunaenda hospitali Kisumu."

"Jumatatu," alisema.

"Leo."

"Nina mpunga umetoa maua. Nani ataangalia?"

"Nitaangalia mimi. Leo, Mzee. Sikubali."

Alinitazama kwa jicho lile la zamani, la mtu mwenye funguo, na nikalitazama pia. Kisha akashusha mguu chini polepole, akiuma meno, akaita kwa sauti iliyofika hadi jikoni.

"Mama! Leta kiatu. Moja tu, ya kushoto. Achieng amekataa."